Njia ya Saba

Walianza na ya kumi na moja, ile ya pembeni, karibu na banda la chumvi.
Siku tatu tu. Mashine ya njano iliifumua reli
kama mtu avutaye uzi kwenye pindo la shuka,
na mataruma yakapangwa kando, meusi, yakinuka lami,
yakingoja lori.
Kisha ya kumi. Kisha ya tisa na ya nane kwa pamoja,
wiki ile niliyokuwa kwa dada yangu.
Niliporudi Kuikkaniemi nilikuta uwanja umepanuka
jinsi kinywa kinavyopanuka meno yakipungua.

Mimi ni Marketta. Napanga mabehewa.
Kazi hii ilitaka watu watatu: mmoja kwenye injini,
mmoja kwenye wenzo, mmoja katikati ya vyuma
akiinua mnyororo kwa bega.
Sasa rimoti inaning'inia tumboni mwangu kama mtoto asiyelia.
Nabonyeza, na injini inanijia gizani,
taa mbili, ndani hamna mtu.
Sijaizoea. Ikikaribia huwa nasema "karibu,"
isije ikasemwa sina adabu.

Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri huingia ya magogo kutoka kaskazini,
mabehewa ishirini na mawili:
misonobari, na ile miti ya gome jeupe
inayochubuka kama karatasi kabla haijafika kiwandani.
Zamani zilikuja sita kwa siku.
Za mashariki zilikoma mpaka ulipofungwa.
Mwezi ule tulihesabu mabehewa,
mwezi uliofuata tukahesabu theluji.

Jumanne wakaja kwa ajili ya saba.
Taisto naye akaja, na themosi yake. Amestaafu mwaka wa tisa huu.
Njia ya saba ilimla vidole viwili, Februari moja,
behewa la mbolea lililodhaniwa limetulia.
Akapita polepole katikati ya reli, macho chini kwenye kokoto.
"Unatafuta nini, mzee?" kijana wa mashine akauliza.
"Vidole vyangu."
Kijana akazima mashine.
Hakuna aliyejua kama inafaa kucheka,
mpaka Taisto mwenyewe alipoanza, na kicheko kikamwishia kikohozi.

Ndipo behewa la kumi na nne likaanza kufuka moshi.
Ekseli. Harufu ya grisi iliyoungua, gurudumu jekundu kama kaa.
Njia ya kwanza ina treni, ya pili ina treni,
ya tatu imezibwa na barafu, ya nne ndiyo ya kupitia.
Nikapiga simu kwa mwongozaji, kilomita mia nne kusini,
anayetuona sote kama mistari ya kijani kwenye kioo.
"Nalitoa," nikasema. "Naliweka saba."
Kimya. Vidole vyake vikagonga vitufe.
"Njia ya saba haipo."
"Ipo. Nimesimama juu yake."
"Kwangu imefutwa tangu Jumatatu."
Kwake mzigo wetu ni kanda la usufi.
Nikamwambia basi aandike kwamba nimeliweka pasipokuwepo.

Taisto ndiye aliyegeuza wenzo, kwa mkono ule wenye vidole vitatu,
ingawa kanuni hairuhusu, na ingawa nilitazama pembeni
makusudi, nikikagua betri ambayo haikuwa na tatizo.
Behewa likaingia taratibu, likilia,
likasimama hatua kumi kutoka kwenye meno ya mashine.

Likakaa siku nne.
Mafundi wa kiwanja kile kikubwa hawana haraka na vijiji.
Kila asubuhi kijana alikuja, akakaa ndani ya mashine, akavuta sigara,
akaondoka. Theluji ikafunika magogo.
Sungura mmoja aliacha nyayo chini ya behewa, akaingia, hakutoka upande wa pili,
au alitoka na upepo ukafuta.

Ijumaa wakabadilisha gurudumu.
Nikalivuta behewa, nikaliunganisha na mkia wa treni ya jioni.
Nilipogeuka, mashine ilikuwa imeshaanza kunguruma
na Taisto alikuwa anamimina kahawa, vikombe viwili,
kimoja akampelekea kijana.